Semina ya siku tatu na silabi ya "ka": mwalimu wa kusoma hujifunzaje?

Kwenye kikao kimoja cha wazazi, mama mmoja alisimama na daftari la mwanawe mkononi akauliza swali ambalo wengi tulikuwa nalo kifuani: "Walimu wetu, kila likizo tunasikia mmeitwa semina. Mbona mwanangu yuko darasa la tatu na bado anasoma kwa kubahatisha?" Mwalimu mkuu alimjibu kwa heshima. Alitaja mafunzo yote ambayo walimu wake walihudhuria tangu mwaka uanze, na mama akaketi. Swali lilibaki pale pale. Yeye aliuliza kama walimu wamejifunza, akajibiwa kwamba wamehudhuria.

Nimefundisha darasa la kwanza, na baadaye nikawa mwezeshaji wa mafunzo hayo hayo, kwa hiyo swali la yule mama linanihusu pande zote mbili. Kila matokeo ya upimaji wa kusoma yanapotangazwa, mjadala hurudi. Wapo wanaosema walimu wanafuata posho tu, na wapo wanaosema walimu waongezewe semina. Wote wanaliruka swali la katikati: mtu mzima aliyekwisha kuizoea kazi yake hujifunzaje kuifanya kwa namna mpya?

Tuanze na maneno yenyewe. Nadharia ya ujifunzaji ni maelezo ya jinsi jambo linavyoingia kichwani mwa mtu, likakaa, na likatumika baadaye. Si lazima itoke chuo kikuu. Bibi anayemweka mjukuu jikoni apepete mchele na kuchambua mboga miezi kadhaa kabla ya kumwachia chungu ana nadharia, ingawa hajawahi kuiita hivyo. Mafunzo kazini ni yale anayopata mwalimu akiwa tayari ameajiriwa. Tanzania leo yanafahamika kama MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na kwa mpango ulivyo, mahali pake hasa ni shuleni, kwenye Jumuiya za Ujifunzaji, ambako walimu hukutana kuzungumzia kazi yao. Na ninaposema mwalimu wa kusoma, namaanisha yule anayeshika darasa la kwanza na la pili, ambako KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ndiyo kazi ya kutwa nzima.

Kusoma kwenyewe ni nini

Kuna usemi unaorudiwa sana: Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, basi kukifundisha hakuna ugumu. Nusu yake ni kweli. Irabu zetu ni tano na hazibadiliki sauti. "A" ya "baba" ndiyo "a" ya "kanga". Mtoto wa Kiswahili ana bahati ambayo mtoto wa Kiingereza hana.

Lakini mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kwa hesabu ndogo ya kuzidisha: uwezo wa kutambua maandishi mara uwezo wa kuielewa lugha. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mtoto anayetamka "mkandarasi" bila kosa lakini hajui ni mtu wa namna gani, hajasoma. Na mtoto anayezijua hadithi zote za sungura na fisi lakini haunganishi herufi, naye hajasoma. Sasa mfikirie mwalimu mwenye watoto waliokulia kwenye Kisukuma, Kigogo au Kimasai, ambao Kiswahili wanakikuta shuleni. Anajenga pande zote mbili za hesabu hiyo kwa wakati mmoja.

Hata upande ulio mwepesi una mitego. Mwalimu akiandika "m" ubaoni na kuitamka "mu", mtoto anayemwamini atasoma "mama" hivi: mu-a-mu-a. Nimemsikia mtoto akitamka hivyo, halafu akasema kwa furaha, "Muamua!" Alikuwa amefuata maelekezo sawasawa. Sauti ya "m" hutamkwa midomo ikiwa imefungwa, mmm, bila irabu nyuma yake. Ni jambo dogo mno, la sekunde mbili, na ndilo mfano wangu katika makala yote hii: tuangalie linamfikiaje mwalimu mwenye uzoefu wa miaka 20 ambaye amekuwa akisema "mu" siku zote.

Mikono miwili ya mama lishe

Mtazame mama lishe saa saba mchana. Anaweza kubeba sahani tatu kwa mpigo, nne akiwa mzoefu. Ukimwongezea ya tano, haianguki hiyo ya tano peke yake, zinaanguka zote. Akili ya mtu inayofanya kazi kwa wakati huo huo ina mikono ya namna hiyo. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba mtu hushika vitu kama saba hivi kwa pamoja. Watafiti waliomfuata wamepunguza idadi hadi kama vinne. John Sweller, mwishoni mwa miaka ya 1980, akalijengea jambo hili nadharia nzima: mzigo ukizidi uwezo wa akili, mtu hajifunzi, hata awe na bidii ya namna gani.

Mwalimu wa darasa la kwanza huliona jambo hili kila siku. Mtoto anasoma "kalamu". Anaipambania "k", anaiunganisha na "a", anapata "ka". Anahamia "la". Akifika "mu", "ka" imeshapotea. Anamtazama mwalimu machoni kutafuta jibu, au anabahatisha: "kaka!" Si mjinga. Mikono imejaa. Dawa yake tunaijua: azirudie silabi mpaka "ka" isimgharimu chochote, ndipo mkono upate nafasi ya kushika neno zima, na baadaye sentensi, na baadaye maana.

Tunalijua hilo kwa watoto. Kwa walimu tunalisahau. Nimesimama mbele ya ukumbi wa walimu 60, bangokitita, yaani karatasi kubwa za kuandikia mbele ya washiriki, likiwa na mada 11 za siku tatu: utambuzi wa sauti, silabi changamano, ufasaha, msamiati, ufahamu, kufaragua zana, upimaji, jinsia, elimu jumuishi, utunzaji wa kumbukumbu, na kuandaa mpango kazi. Kila moja ni njema. Jumatatu yule mwalimu anasimama mbele ya watoto 84, kuku wamepita mlangoni, mtoto mmoja anatapika, na ndani ya dakika zile anatakiwa akumbuke kutamka "mmm" badala ya "mu", kupanga vikundi, kuuliza swali la ufahamu na kujaza fomu. Sahani zote zinaanguka, na anarudi kwenye kile ambacho hakimgharimu kitu: wimbo wa ma-me-mi-mo-mu.

Na kile anachokirudia hakutoka nacho chuoni tu. Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1975 kwamba ualimu una jambo la pekee: kila mwalimu amekaa kwenye dawati maelfu ya saa akimtazama mwalimu mwingine akifundisha, kabla hajasomea kazi hiyo. Ndiyo maana sauti ya mwalimu wako wa darasa la kwanza hutoka mdomoni mwako bila kuiita. Siku tatu za semina zinashindana na miaka yote hiyo.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alitusaidia kuelewa kitu kingine hapa. Alisema jambo jipya haliingii kwenye kichwa kitupu. Linapokelewa na yale yaliyomo tayari, na mara nyingi hubadilishwa ili lifanane nayo. Mwambie mwalimu "fundisha sauti za herufi". Kama kichwani mwake kusoma maana yake ni silabi, atasikia "fundisha silabi kwa sauti kubwa". Atarudi shuleni, atafundisha kwa nguvu mpya, na kwenye taarifa ataandika kwa unyofu kabisa kwamba anatekeleza mafunzo. Hadanganyi. Hakuna aliyekaa naye kumwonyesha tofauti.

Chai iliyoongezwa maji

Mafunzo yetu mengi hushuka kwa ngazi. Wataalamu huwafundisha wawezeshaji wa taifa, wao huwafundisha wa mkoa, hao wa wilaya, hao wa kata, na wa mwisho ndiye humfikia mwalimu. Gharama hupungua, na serikali yenye shule za msingi kwa maelfu huwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo. Ila ni birika lile lile la chai linaloongezwa maji kila linapofika nyumba nyingine. Rangi bado ipo. Anayekunywa wa mwisho ataapa kuwa amekunywa chai.

Kinachoyeyuka kwanza ni vitendo. Maelezo husafiri kwenye karatasi; namna ya kufunga midomo na kusema "mmm" haisafiri kwa karatasi.

Halafu kuna kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana, kisha akapima zimebaki kiasi gani baada ya saa kadhaa, siku na majuma. Sehemu kubwa ilipotea mapema sana, siku ya kwanza tu, na kilichookoa kumbukumbu ni kurudia kwa vipindi vilivyoachana. Kila mwalimu wa kusoma anafahamu kwamba silabi ya Jumatatu lazima iguswe tena Jumatano na wiki ijayo. Semina ya siku tatu mfululizo, kisha kimya cha mwaka mzima, imepangwa kana kwamba Ebbinghaus hakuwahi kuishi.

Nizitaje imani mbili ambazo nimezikuta kwenye bangokitita mara nyingi mno, na mimi mwenyewe niliwahi kuzifundisha. Ya kwanza ni ile inayosema tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma, 20 ya tunachosikia, na kuendelea hadi 90 ya tunachotenda. Huambatanishwa na koni ya Edgar Dale, mtaalamu wa elimu wa Marekani. Dale aliichora koni yake mwaka 1946 ili kupanga zana za kufundishia, na haikuwa na asilimia yoyote. Ziliongezwa na watu wengine, na hakuna utafiti unaozibeba. Ya pili ni kwamba baadhi ya watoto hujifunza kwa macho, wengine kwa masikio, wengine kwa mikono, na kila mmoja afundishwe kwa mlango wake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo na hawakupata ushahidi wa kutosha kuunga mkono njia hiyo. Kusoma kunahitaji macho na masikio ya kila mtoto kwa pamoja. Saa zinazotumika semina kuwapanga watoto katika makundi hayo zingetosha kabisa kuwafanyisha walimu mazoezi ya kutamka sauti zote, kuanzia "m" hadi "ng'".

Anavyojifunza fundi

Hakuna fundi cherehani aliyepelekwa hotelini siku tatu akaelezwa jinsi ya kushona shingo ya gauni. Kijana huanza kwa kukata nyuzi zilizobaki. Anapewa pindo la chini, mahali ambapo kosa halionekani. Anapewa zipu, fundi akiwa pembeni. Shingo huja mwisho, na mara ya kwanza mkono wa fundi huwa juu ya mkono wake.

Lev Vygotsky, Mrusi aliyezaliwa 1896 na kufariki 1934 akiwa bado kijana wa miaka 37, aliliweka jambo hili katika wazo lililodumu: kati ya anachoweza mtu peke yake na kisichowezekana kwake kabisa, kuna ukanda wa yale anayoweza akisaidiwa. Kujifunza hutokea humo. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross wakaufananisha msaada huo na mirunda ambayo waashi huisimamisha ukuta unapopanda. Kwenye mfano huo watu hukumbuka kusimamisha na kusahau kubomoa. Mirunda isipotolewa, nyumba haijaisha. Mwongozo wa mwalimu wenye kila sentensi ya kusema ni mirunda mizuri kwa mwalimu mgeni; kwa aliyekwisha kukomaa ni kizuizi cha mlangoni.

Je, ushahidi upo kwamba kukaa na mwalimu darasani kunazidi semina? Jaribio zuri kuliko yote ninayoyajua lilifanyika Afrika Kusini, jimbo la North West, kuanzia mwaka 2015, kwa walimu wanaofundisha watoto kusoma Kitswana, lugha ya Kibantu kama yetu. Makundi mawili ya shule yalipewa maandalio ya masomo yale yale na vitabu vile vile. Kundi moja walimu waliitwa kwenye mafunzo ya pamoja mara mbili kwa mwaka. Kundi la pili walitembelewa darasani na mkufunzi aliyewasaidia palepale. Baada ya miaka miwili watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamesonga mbele kuliko wale wa shule ambazo hazikupewa chochote, lakini nyongeza ya kundi lililotembelewa ilikuwa karibu mara mbili. Kwa hiyo si kweli kwamba semina haina faida. Ni kwamba pale inapoishia ndipo kazi inapoanzia.

Kenya ilijaribu njia inayofanana na hiyo kwa nchi nzima. Mradi wa Tusome ulioanza 2015 uliwapa watoto wa madarasa ya mwanzo vitabu vya Kiswahili na Kiingereza, na maofisa wa elimu wa ngazi ya chini, ambao zamani kazi yao ilikuwa zaidi ya makaratasi, wakapewa vishikwambi na jukumu la kuingia darasani, kutazama somo, kuwasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha kuzungumza na mwalimu. Hicho kipengele cha kuwasikiliza watoto ndicho ninachokipenda zaidi. Mazungumzo yanaanzia kwa mtoto, si kwa makosa ya mwalimu.

Wengi huniuliza: simu haziwezi kufanya kazi hiyo? Afrika Kusini walilijaribu hilo pia, katika jimbo la Mpumalanga, kwa Kiingereza. Walimu wengine walisaidiwa kwa kishikwambi, wengine na mkufunzi aliyefika darasani. Mwaka wa kwanza matokeo yalikaribiana. Kufikia mwaka wa tatu aliyefika kwa miguu alikuwa amemwacha mbali yule wa kwenye kioo. Kundi la WhatsApp la walimu ni zuri kwa kukumbushana na kutiana moyo. Midomo ya mtoto anayesema "mu" haionekani humo.

Kuona kwanza

Wawezeshaji wengi hulalamika kwamba walimu wakongwe ni wagumu kubadilika, wabadilishwe mtazamo kwanza. Mtafiti wa elimu Thomas Guskey aliandika mwaka 1986 kwamba mara nyingi mambo huenda kinyume: mwalimu hujaribu kitu, huona watoto wake wenyewe wakifanikiwa, ndipo imani hubadilika. Mwanasaikolojia Albert Bandura naye, mwaka 1977, alieleza kuwa kinachompa mtu imani kuwa anaweza, kuliko hotuba yoyote, ni kufanya na kufaulu. Ugumu wa mkongwe una sababu yake. Ameona mbinu ngapi zikija na magari na kuondoka nayo?

Sisi Watanzania hatukupaswa kushangazwa na haya. Baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na hata kabla yake katika mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza Kanda ya Ziwa mwaka 1968, watu wazima walijifunza kusoma kwa maneno ya kazi zao. Mkulima wa pamba alisoma habari za pamba. Waliopanga kisomo kile walijua kwamba mtu mzima hujifunza kwa haraka kile atakachokitumia kesho asubuhi. Mwalimu ni mtu mzima pia.

Na B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye nadharia yake wengi wameichoka, ana neno moja la kutuambia: linalotuzwa hurudiwa. Tumetuza mahudhurio kwa cheti na sahihi, tumepata mahudhurio. Posho yenyewe sina ugomvi nayo. Mwalimu aliyelala mbali na nyumbani lazima ale.

Kikwazo kikubwa zaidi ni hofu. Kwa vizazi vingi, anayekaa nyuma ya darasa na kalamu amekuwa mkaguzi. Walimu wana "somo la wageni", lenye watoto wanaojua majibu na chati mpya ukutani. Jina limebadilika kuwa uthibiti ubora, na wathibiti wengi ninaowafahamu ni watu wa msaada kweli, lakini mwili wa mwalimu haujasahau. Hapo ndipo mwenzako wa darasa la jirani anapomshinda mtaalamu.

Niliwaona wawili hivi. Mmoja miaka 27 kazini, mwingine mitatu. Wote waliitana "mwalimu", ila mdogo alianza na shikamoo kila asubuhi, na wakiwa peke yao alimwita mama. Walikubaliana jambo moja tu: mdogo akae nyuma dakika 30 na kuhesabu ni watoto wangapi wamesoma peke yao. Vizibo vya soda mfuko wa kulia, kila mtoto anayesoma kizibo kinahamia kushoto. Somo lilichangamka, darasa liliimba silabi mpaka mabati yakaitikia. Walipotoka nje chini ya mwembe mdogo akamwaga vizibo kiganjani.

"Saba, mama."

"Saba? Katika 84?"

"Saba. Na wote safu mbili za mbele."

Yule mkubwa alivitazama muda mrefu. Hakuna aliyemwambia kuwa amekosea, na hakuna nadharia iliyotajwa. Wiki iliyofuata aliwapanga wawiliwawili, kila mtoto amsomee jirani yake mistari miwili, yeye akipita katikati. Kwa mara ya kwanza aliwasikia watoto wa nyuma kwa masikio yake. Alisimama ghafla kando ya dawati la mwisho, akainama, kisha akageuka akamwita mwenzake kwa mkono.

"Njoo usikilize. Huyu anasema mu-a-mu-a. Hivi nimewafundisha mimi?"

"Ndiyo mama. Hata mimi wangu wanasema hivyo hivyo."

Wakacheka, wakachuchumaa wote wawili mbele ya yule mtoto, wakafunga midomo, wakaanza upya: mmm.